Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na Mamlaka ya Taifa ya Dawa: Andikeni ganzi mnayotuchoma

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya, wakuu wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na nyinyi mnaokaa kwenye mabaraza yanayotoa leseni kwa madaktari, wauguzi na matabibu wa Uganda,

Salaam kutoka Busia.

Mezani kwangu kuna daftari la shule la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mnalijua. Mgonjwa wa nchi hii hulinunua dukani kabla hajapanga foleni, maana ndilo faili lake la hospitali. Daftari langu lina malaria tatu, lina presha, lina kikohozi cha mwaka juzi. Halafu kwenye ukurasa wa kumi na nne kuna mstari mmoja ulioandikwa haraka haraka: "Amechomwa ganzi. Jino limetoka." Basi.

Jino lenyewe lilikuwa gego la chini, upande wa kulia. Nilikwenda kliniki moja ya hapa mjini, sitaitaja, kwa sababu ningeweza kupata mstari uleule kwenye kliniki ishirini nyingine. Sindano ya kwanza haikushika. Ya pili ilipoingia nilisikia kitu kama umeme kikipita ulimini hadi nchani, nikashtuka kwenye kiti. Musawo, yaani mhudumu wa afya, akasema hiyo ni kawaida. Jino likatoka bila taabu, nikashukuru, nikapanda boda kurudi nyumbani.

Jioni mdomo ulianza kurudi, ulimi haukurudi. Kesho yake hivyo hivyo. Kwa miezi saba nusu ya ulimi wangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Chai niliisikia moto upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Nilijing'ata mpaka damu bila kujua, nikaja kuona kwenye kikombe. Wajukuu walinifanya niseme "rula" mara kwa mara ili wacheke.

Wiki ya tatu nilirudi kliniki kuuliza nilichomwa dawa gani.

"Ile ya kawaida, mama."

"Ya kawaida ipi?"

"Ile ya meno."

Na daftari halikuweza kunisaidia, wala la kwao halikuweza. Aliyenihudumia alikuwa ameshahama, vichupa vilishakwenda na takataka. Ilikuwa dawa gani, ya ukali wa asilimia ngapi, ilikuwa na adrenalini ya kubana mishipa ya damu au la, nilipigwa mililita ngapi, leo hii hakuna mtu duniani anayeweza kunijibu.

Sasa niseme jambo ambalo linanitia aibu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 26, mingi yake katika chumba cha upasuaji cha kituo cha afya cha ngazi ya nne, tieta kama tunavyoiita. Nimeshika mikono ya mamia ya akina mama waliokunja mgongo wakisubiri sindano ya uti wa mgongo. Na kwenye rejista, mara zisizohesabika, mkono wangu mwenyewe umeandika "ganzi" na kuweka nukta. Kwa hiyo nikinyoosha kidole kwa musawo wa jino langu, vinavyobaki vinanielekea mimi.

Ganzi tumeizoea mno. Tangu daktari Carl Koller alipoonyesha mwaka 1884 kule Vienna kwamba matone ya kokeini yanaweza kufanya jicho lipasuliwe bila maumivu, binadamu hajaangalia nyuma. Lidokeini, ambayo wengi wetu bado tunaiita lignokeini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, bupivakeini ikafuata mwaka 1957. Hizi mbili ndizo zinazobeba kazi yetu: kushona kidonda cha panga, kupasua jipu, tohara, kumtoa mtoto kwa upasuaji. Hufanya kazi kwa kuziba vijilango ambavyo sodiamu hupitia kwenye mishipa ya fahamu. Sodiamu isipopita, habari ya maumivu haifiki ubongoni. Kisha dawa hubebwa na damu, vijilango hufunguka, mtu hurudi kama alivyokuwa.

Mara nyingi sana ndivyo inavyokuwa, na nataka hili lisomwe vizuri kabla sijaendelea. Mama mjamzito asije akakataa sindano ya mgongo kwa sababu ya barua yangu. Ganzi ya uti wa mgongo imewaokoa wengi kuliko nusukaputi ingeweza katika vituo vyetu, na ule uvumi kwamba ukichomwa mgongo utaumwa kiuno maisha yako yote, tafiti zilizofuatilia wanawake baada ya kujifungua hazikuuunga mkono. Uvumi huo na mimi nimepambana nao wodini. Lakini nilikuwa napambana nao mikono mitupu: mama akirudi miaka miwili baadaye akisema "mlinichoma kitu", sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Ila dawa inayoweza kunyamazisha mshipa wa fahamu inaweza pia, ikiwa kali mno, au nyingi mno, au ikikaa mno mahali pamoja, kuua seli ilizozigusa. Hili halikuanza jana. Vitabu vya fani vimeliandika kwa miongo. Kinachobadilika ni aina ya seli.

Chukueni misuli. Bupivakeini ikichomwa ndani ya msuli huvuruga ghala la kalsiamu ndani ya nyuzi zake na kuharibu mitokondria, yale majiko madogo ya kupikia nishati. Nyuzi hufa ndani ya siku chache. Bahati yetu ni kwamba seli za akiba za msuli husalimika, na kwa kawaida baada ya wiki tatu nne msuli umejijenga upya, mgonjwa hata hakujua. Pasipo bahati ni kwenye jicho. Misuli inayozungusha jicho ni midogo mno, na sindano ya ganzi kabla ya kutoa mtoto wa jicho ikiingia ndani ya mmojawapo badala ya pembeni yake, kovu linaweza kubaki na mzee akatoka kwenye upasuaji uliofaulu akiona vitu viwili viwili. Mzee wa namna hiyo ataambiwa ni uzee. Mimi nimewahi kumwambia mtu hivyo.

Uti wa mgongo una hadithi yake, na kila anayeshika sindano angetakiwa kuijua. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa wanne waliopata ganzi ya mgongo kupitia vimirija, vingi vyake vyembamba sana, wakabaki na udhaifu wa miguu na shida ya haja. Fungu la mishipa ya fahamu lililo chini ya uti wa mgongo, ambalo wanaanatomia waliliita mkia wa farasi, lilikuwa limeungua. Dawa iliyohusika zaidi ilikuwa lidokeini ya asilimia 5 iliyotiwa sukari ili iwe nzito. Ilitoka polepole kwenye kimirija, ikatuama chini kama sukari chini ya kikombe kisichokorogwa, na pale ganzi isiposhika vizuri, waliongeza nyingine juu yake. Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliviondoa vimirija vile sokoni.

Ona walivyogundua. Walianza na wagonjwa wanne tu! Visa vingine vikaripotiwa, na nchi nzima ikabadilisha utaratibu, kwa sababu kwenye faili la kila mmoja kulikuwa na jina la dawa, ukali wake, kiasi, na kifaa kilichotumika. Ukiweka mafaili manne mezani unaona kinachofanana. Ukiweka madaftari manne ya Busia mezani utaona neno "ganzi" mara nne.

Gegedu za viungo ni vivyo hivyo. Kulikuwa na mtindo, baada ya upasuaji wa bega, wa kuacha pampu ndogo ikidondosha ganzi ndani ya kiungo kwa saa 48 hadi 72 ili mgonjwa asiumwe. Wengi wao walikuwa vijana. Miezi michache baadaye bega likakaza, likauma, na picha ikaonyesha gegedu imeyeyuka, mfupa unasuguana na mfupa. Mnamo Novemba 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba imepitia ripoti 35 za namna hiyo, karibu zote za bega, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walihitaji kupasuliwa tena. Ikaagiza onyo liandikwe kwenye maelezo ya dawa.

Najua mtasema pampu hizo hatuna. Kweli, vituo vyetu havina. Na tangazo lilelile lilisema kwamba sindano moja moja kwenye kiungo haikuwa imeripotiwa kuleta janga hilo. Lakini maabara nako kumeonyesha kwamba seli za gegedu hufa zaidi kadiri dawa inavyokuwa kali na inavyokaa muda mrefu, na sisi tuna kliniki ambazo mama wa miaka hamsini anachomwa goti mchanganyiko wa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na ganzi kila anapolalamika, mwezi huu na mwezi ujao, na hakuna anayehesabu. Mimi sisemi magoti hayo yameharibiwa na ganzi. Nasema hakuna anayeweza kusema ndiyo wala hapana, na sababu ni kalamu.

Kuhusu mdomo nimesoma zaidi, mtanielewa kwa nini. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Canada, Haas na Lennon, walichapisha uchunguzi wa miaka 21 ya ripoti za jimbo la Ontario kuhusu watu waliobaki na ganzi ya ulimi au mdomo baada ya kuchomwa na daktari wa meno bila upasuaji wowote. Walipata visa 143. Dawa mbili zenye ukali wa asilimia 4, artikeini na prilokeini, zilijitokeza zaidi ya ilivyotarajiwa kuliko lidokeini ya asilimia 2. Wapo wanaobisha hadi leo, wanasema dawa mpya huripotiwa zaidi kwa kuwa watu wanaitazama kwa jicho la pembeni, na kwamba ncha ya sindano yenyewe inaweza kujeruhi mshipa. Huenda. Mimi niliyesikia umeme siwezi kuapa kama ni ncha au ni dawa. Neva ya ulimi ndiyo inayoumia mara nyingi kuliko ile ya mdomo wa chini, na wengi hupona ndani ya wiki au miezi, kama nilivyopona mimi karibu yote. Nchani bado kuna mahali kama sarafu ndogo pasipojua chumvi.

Lakini tazameni tena chimbuko la uchunguzi ule. Ripoti zilikuwa kwenye kabati la bima ya madaktari wa meno wa jimbo. Walitakiwa kuripoti, wakaripoti, jina la dawa likawepo. Hawakuhitaji mashine yoyote.

Na tusijifanye kwamba somo hili ni la wazungu tu. Ukipanda matatu kutoka hapa kupitia Tororo na Mbale unafika Kumi. Watafiti walikwenda huko wakaandika juu ya watoto ambao mguu umelegea au nyonga imekaza kwa makovu baada ya sindano za matako, nyingi zikiwa za kwinini enzi ile kila homa ilikuwa malaria na kila malaria ilikuwa sindano. Kwinini si ganzi, naelewa. Ila ni tishu ileile, sindano ileile, daftari lilelile. Ni watoto wangapi walichechemea kabla mtu hajauliza "huyu alichomwa nini, wapi?" Wazazi waliambiwa ni polio, wengine waliambiwa ni majini. Tulipoacha kwinini ya msuli na kushika atesuneti kwa malaria kali, mambo yalianza kubadilika, lakini kwa wale wa zamani imeshapita.

Nitawapa hesabu moja, ambayo naijua kwa sababu nimeikosea.

Kichupa cha lidokeini kimeandikwa asilimia 2. Maana yake ni miligramu 20 katika kila mililita. Cha asilimia 1 kina miligramu 10. Vichupa hivyo vinafanana kama mapacha, na kule tieta taa zikizimika hata mama yao hawezi kuwatenganisha. Analetwa mtoto wa kilo 15 aliyekatwa na bati. Ukifuata kiwango cha tahadhari cha miligramu 3 kwa kila kilo, mtoto huyo mwisho wake ni miligramu 45, yaani mililita 2 na robo tu za ile ya asilimia 2. Bomba tulilozoea kushika ni la mililita 5. Ukilijaza ukalimaliza umempa miligramu 100, zaidi ya mara mbili. Akianza kutapatapa na kushikwa na degedege, tunatafuta malaria.

Mbaya zaidi ni jipu. Ganzi haishiki vizuri penye usaha, kwa kuwa pale pana asidi na dawa hushindwa kupenya kwenye mshipa wa fahamu. Musawo hajafundishwa hilo, anaona mgonjwa bado analia, anaongeza. Analia tena, anaongeza. Dawa iliyoshindwa kuzuia maumivu haijashindwa kuingia kwenye damu, wala haijashindwa kulowanisha seli zilizokuwa tayari taabani. Kwenye kidole ni balaa jingine, maana maji mengi yakisukumwa kwenye ngozi iliyobana, mishipa ya damu hukandamizwa hata kama dawa yenyewe ni salama.

Hapo kwenye kidole naomba niende pembeni kidogo. Sisi tuliosoma zamani tuliimba wimbo mmoja: ganzi yenye adrenalini usiipeleke kwenye pua, masikio, vidole wala uume, nyama itaoza. Siku hizi wapasuaji wa mikono wamerudi kwenye visa vya zamani vya vidole vilivyooza wakakuta vingi ni vya kabla ya 1950, vya ganzi za zamani, prokeini na kokeini, dawa zilizoharibika na vidole vilivyochovywa kwenye maji moto. Leo wengi wao hutumia lidokeini yenye adrenalini kidogo kwenye vidole bila madhara, huku wakiwa na fentolamini karibu ya kurudisha damu ikihitajika. Vizuri. Je, fentolamini iko kituo gani hapa wilayani? Kwa hiyo mimi bado naimba wimbo wangu wa zamani. Na kwa tohara mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haujabadilika: adrenalini hapana. Tangu sera ya tohara salama ya mwaka 2010, vijana wetu wengi wamepita kwenye vitanda hivyo, na katika milima ya Masaba, mwaka wa Imbalu, ile tohara ya jadi, yuko kijana anayepita kituo cha afya kimyakimya na yuko mwenzake anayesimama uwanjani bila ganzi yoyote mbele ya ukoo mzima. Yule wa uwanjani angalau kila mtu ameona alichofanyiwa.

Waheshimiwa, siombi mashine. Siombi hata dawa mpya, ingawa nikiulizwa nitasema kila mahali panapochomwa ganzi ya mgongo au ya mshipa mkubwa pawe na chupa ya mafuta ya dripu ya asilimia 20. Tangu 1998 ilipojaribiwa kwa wanyama na 2006 ilipoandikwa kumrudisha binadamu ambaye moyo ulikuwa umesimama kwa ganzi, haina udhuru tena kukosekana. Hilo ni la bohari na bajeti, nawaachia.

Ninachoomba ni mstari. Kila anayechomwa ganzi Uganda, awe kwenye hospitali ya rufaa au kliniki ya chumba kimoja, aandikiwe kwenye daftari lake mwenyewe: jina la dawa, asilimia, ina adrenalini au haina, mililita ngapi, imechomwa wapi, saa ngapi. Na akiwa mtoto, kilo zake. Iandikwe hata kama kila kitu kimekwenda vizuri, hasa kama kimekwenda vizuri, maana siku ya kuchoma hakuna anayejua nani atarudi. Mkataba wa Wagonjwa ambao Wizara iliutoa mwaka 2009 unatupa haki ya kujua tunachofanyiwa. Neno "ganzi" halijulishi kitu. Ni sawa na kumwandikia mtu "amepewa kidonge".

Mamlaka ya Dawa, nyinyi mnacho kituo cha taifa cha kufuatilia madhara ya dawa na mnazo fomu. Nimefanya kazi miaka 26 na sijawahi kuona mtu akijaza fomu hiyo kwa ajili ya ganzi, mimi nikiwemo. Tulidhani ni ya dawa za ukimwi na chanjo. Watangazieni watu, na muiweke kwa Kiswahili pia, kwa kuwa serikali imeshasema hii nayo ni lugha ya nchi. Na hivyo vichupa: mnapokubali dawa iingie nchini, mtazame maandishi. Namba ya asilimia isiwe ndogo kuliko jina la kiwanda. Mkiwa hapo muwakumbushe wanaotumia vichupa vya kuchotwa mara nyingi kwamba vingi vina kihifadhi, havifai kuingia kwenye mgongo, na kwamba kikishafunguliwa kiandikwe tarehe, maana siku 28 za kukitumia hupita haraka.

Mabaraza, swali langu kwenu ni fupi. Mnapokuja kukagua kliniki mnatazama leseni ukutani, choo, na sanduku la sindano zilizotumika. Mtafungua rejista siku moja mhesabu ni mistari mingapi ya ganzi ina asilimia?

Najua jibu la watu wa chini, kwa kuwa lilikuwa jibu langu: hakuna muda. Foleni imefika langoni, musawo ni mmoja, mama analia, nani ataandika maneno sita? Ndiyo maana mwezi uliopita nilikwenda kwa yule kijana anayechonga mihuri karibu na stendi. Nikamchorea kisanduku chenye nafasi tupu: dawa, asilimia, adrenalini ndiyo au la, mililita, mahali, saa, kilo. Akanichongea kwa shilingi 20,000. Ukigonga muhuri, kinachobaki ni kujaza namba. Nimejipima kwa saa ya ukutani nyumbani, sekunde kumi na tano, na macho yangu si ya ujana.

Nimeupeleka kwa inchaji, yaani mkuu, wa kituo kimoja hapa jirani, dada niliyemfundisha kazi. Aliupenda. Akaugonga kwenye karatasi mara tatu akicheka. Kisha akaniambia, "Mama, siwezi kuutumia kabla wilaya haijasema ndiyo." Wilaya nao wamesema wanasubiri Kampala. Muhuri uko kwenye droo yake, mkono wa kushoto, chini ya glavu. Nasubiri jibu lenu ili nimpigie simu autoe.

Wenu mtiifu,

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Busia, Uganda